Kila Penye Jina Pana Wenyewe

Karibu na mji wa Mineral Wells, katika jimbo la Texas nchini Marekani, palikuwa na kambi ya jeshi iliyoitwa Fort Wolters. Kati ya mwaka 1956 na 1973, marubani wa helikopta wapatao 40,000 walipata hapo mafunzo yao ya awali. Viwanja vingi vidogo vya mazoezi vilivyoizunguka vilipewa majina ya miji ya Vietnam: Hue, Da Nang, Can Tho. Hivyo kijana alijua kutua "Hue" kabla hajamwona hata mkazi mmoja wa Hue.

Hatuwabezi vijana hao. Wengi walihatarisha maisha kuwaokoa majeruhi, na marubani wa helikopta zaidi ya 2,000 walikufa katika vita vile. Twauliza tu: ni nani aliyewafundisha kwamba Hue ni makao ya akina mama na watoto? Ustadi wa mikono usio na malezi ya dhamiri ni panga mkononi mwa mtoto.

Wazazi na viongozi wa walei, kijana wetu aingiapo jeshini, tusishangilie sare tu. Tumkumbushe kwamba kila penye jina pana wenyewe.