Treni ile ilikuwa ipi?

Watu wa Mwandiga, hapa Kigoma, tukianza kuzungumzia treni ya zamani, hatukawii kubishana. Huyu anasema ilivutwa na injini ya makaa, yule anashikilia ya dizeli. Kijana naye anadakia kwamba ni Deluxe, wakati Deluxe imeanza 2015 na mama yake alisafiri akiwa bado msichana. Nataka ubishi huu upate mahali pa kuamuliwa, na mahali penyewe ni stesheni ya Kigoma.

Safari yangu ya kwanza kwenda Dar nimeifuatilia. Nilikuwa darasa la tatu, nasoma kila kilichoandikwa. Mimi na shangazi tulipanda daraja la pili, chumba cha wanawake na watoto, vitanda sita. Nje ya behewa paliandikwa TRC. Uvinza watu walinunua chumvi kupitia dirishani, na mhudumu alipoleta wali na nyama, mpini wa kijiko changu ulikuwa na herufi nyingine kabisa: EAR&H. Nikamuuliza shangazi maana yake. Akaniambia nile kwanza, chakula kinapoa.

Ukubwani ndipo herufi zile zilipoanza kusema. EAR&H lilikuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililogawanywa mwaka 1969, reli kivyake na bandari kivyake. TRC, Shirika la Reli Tanzania, ilizaliwa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Kwa hiyo nilisafiri baada ya 1977, nikila kwa kijiko cha kabla ya 1969.

Lakini treni yenyewe? Mzee mmoja hapa kwetu, mstaafu wa reli, hakuniuliza rangi ya mabehewa wala umbo la injini. Aliuliza, "Mwanangu, mlipofika Tabora kilitokea nini?" Nikakumbuka: usiku, kishindo, chai ya shangazi ikamwagikia blanketi, tukawa tunarudishwa nyuma gizani. Kulipokucha nilichungulia kwenye kona, mabehewa yalikuwa mengi kuliko tuliyotoka nayo Kigoma. "Basi hapo mliungwa na mabehewa ya Mwanza," akasema. Ilikuwa treni ya kawaida ya abiria, ile iliyobeba wa Kigoma na wa Mwanza pamoja hadi Dar. Ubishi wa miaka mingi nyumbani kwetu ukaisha kwa swali moja la mtu anayeijua kazi.

Wenzetu Nairobi wana makumbusho ya reli tangu 1971. Humo imo injini ya mvuke namba 3020 iitwayo Nyaturu, jina la watu wa Singida. Zimo pia zenye majina ya milima ya Gelai na Shengena, yote ya kwetu Tanzania. Wamefanya jambo jema, na mimi nawashukuru. Ila inaniuma kwamba mtoto wa Kigoma, mji ambao reli iliufikia 1914 na ndiyo iliyoujenga, avuke mpaka ili aone injini iliyopewa jina la Watanzania wenzake.

Mkataba wa reli ya kisasa (SGR) ya Tabora–Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Naisubiri reli hiyo kwa hamu kama kila mtu anayefanya biashara ya dagaa na mawese. Kabla haijafika, naliomba Shirika la Reli litenge chumba kimoja pale stesheni: ratiba za zamani, tiketi za kadi ngumu, daftari za magadi wa treni, picha. Nje liegeshwe behewa moja la daraja la pili, vitanda vyake vikiwa mahali pake, na watoto wa shule waruhusiwe kuvipanda. Kazi ianze na wazee. Madereva, magadi na mafundi wa Tabora na Kigoma wafuatwe majumbani mwao mwaka huu, warekodiwe wakieleza treni ipi ilipita siku gani, na injini ipi iliivuta.