Urea na Tumbo la Kondoo



Kila kiangazi, malisho yakaukapo, huulizwa swali hili: Je, yafaa kumpa kondoo urea, ile mbolea nyeupe ya shambani? Wako wasemao ya kuwa ni sumu tupu. Wako na wasemao ya kuwa hunenepesha kuliko chakula chochote. Maoni yetu ni kwamba wote wamekosea, kwa kuwa hawakutazama kwanza habari za tumbo la kondoo.

Kondoo hacheui bure. Tumbo lake la kwanza, lililo upande wa kushoto, ni kama chungu cha pombe kinachochacha mchana na usiku. Mna vijidudu vingi mno, visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo vilavyo majani kwanza. Katika kuchacha huko hutokea asidi zilizo jamii ya siki, nazo huingia katika damu ya mnyama. Nguvu zake nyingi, kadiri ya sehemu 70 katika 100, hutoka humo. Kisha vijidudu vyenyewe hushuka pamoja na chakula, vikamengenywa, vikawa protini ya kondoo. Basi umlishapo kondoo, kwa kweli wawalisha kwanza watumishi wa tumbo lake.

Watumishi hao huhitaji naitrojeni ili waongezeke. Majani mabichi huwa nayo ya kutosha. Ama majani makavu na mabua ya mahindi mara nyingi huwa na protini chini ya sehemu 7 katika 100. Hapo vijidudu hupungua, mabua hukawia tumboni bila kulainika, na kondoo huacha kula ingawa chakula kipo. Hukonda mbele ya chakula.

Hapo ndipo urea ifaapo, maana sehemu 46 katika 100 za urea ni naitrojeni. Ifikapo tumboni hugeuka upesi kuwa amonia, na vijidudu huitumia kujijengea miili. Lakini haviwezi kazi hiyo pasipo chakula cha nguvu, kama vile mwashi asivyoweza kujenga kwa mawe matupu pasipo chokaa. Ndiyo sababu urea huchanganywa na molasi. Amonia ikizidi kipimo huingia katika damu, ini likashindwa kuiondoa; kondoo hutetemeka, hutoka povu, hufura tumbo, naye aweza kufa katika muda wa saa chache.

Kwa hiyo, urea isinyunyiziwe mkononi wala isitiwe katika maji ya kunywa. Njia iliyo salama zaidi ni jiwe la kulamba. Kwa kilo 100 chukua molasi kilo 50, pumba kilo 25, urea kilo 10, chokaa kilo 10 na chumvi kilo 5. Vunja mabonge yote ya urea, changanya sawasawa, shindilia, kisha acha likauke hata liwe gumu, ili kondoo alambe asiweze kuuma. Haba na haba hujaza kibaba: gramu 100 za jiwe kwa siku zamtosha kondoo mzima. Mzoeshe kidogo kidogo kwa muda wa majuma mawili, naye awe amekwisha kula majani na kunywa maji. Usimpe mwana-kondoo, wala mnyama mwenye njaa. Jiwe liwekwe penye paa, kwani maji ya mvua huyeyusha urea, na anywaye maji hayo aweza kufa. Tena, kumpa urea kondoo alaye majani mabichi ya kutosha ni kutupa fedha na kumtia hatarini bure.

Sasa twasema wazi lile tuliaminilo. Ukiwa na kondoo watano na huna mizani, acha urea. Panda milusina mpakani mwa shamba. Majani yake hudumu kuwa mabichi wakati wa kiangazi, na naitrojeni yake huachiliwa tumboni polepole kuliko ile ya urea. Yasizidi theluthi moja ya chakula, maana yakizidi humnyonyoa manyoya. Bali mwenye kundi kubwa, mabua mengi, mizani na mtu mwaminifu wa kuangalia, huyo na atumie jiwe la kulamba, atapata faida.

Unga wa dukani hauwi chakula kwa sababu umenunuliwa. Kabla hujatoa fedha, jiulize: Watumishi wa tumboni wamepungukiwa na nini? Asiyejiuliza hivyo aweza kupoteza kwa asubuhi moja kondoo aliowaweka kwa karo ya watoto wake.