TOMOKO LAKO LAITWAJE?



Anayekwenda Gikomba au Muthurwa kununua maembe hutaja jina: ngowe, Kent au Tommy. Anayetaka parachichi huuliza kwanza kama ni Hass au Fuerte. Lakini akifika penye matomoko, huelekeza kidole tu na kusema, "Nipe hayo." Hana jina la kutaja, kwa sababu mkulima hakumpa.

Kwa maoni yangu, hasara ya jambo hili yawaangukia ninyi wenye miti, na dawa yake imo mikononi mwenu.

Nafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya kilimo, lakini makao yangu ni Eastlands, na huko matunda yenu mengi ndiko yanakoliwa. Jioni watu wa Kaloleni, Makongeni, Bahati na Jericho hurudi kutoka kazini, na wengi wana pesa za tunda moja au mawili ya kupelekea watoto. Mama mchuuzi ameyapanga matomoko mafungu mafungu, na katika fungu moja mna matunda ya miti mbalimbali. Jumamosi moja nilinunua sita ya fungu moja, tukayakata nyumbani pamoja na jirani zangu. Mawili yalikuwa matamu ajabu, nyama yake laini kama maziwa ya mgando, na harufu yake kama ndizi na nanasi pamoja. Moja lilikuwa tamu, lakini mbegu zilijaa hata hapakuwa na cha kumeza. Mawili yalikuwa na chembechembe kama mchanga. La mwisho lilikuwa chapwa kama maji. Bei ya yote sita ilikuwa moja. Jirani mmoja akasema, "Kesho nitanunua ndizi. Ndizi haidanganyi."

Huyo ndiye mnunuzi wenu, nanyi mmempoteza. Aliyeleta matomoko mawili mazuri alipata bei ile ile ya aliyeleta maji, na wote wawili wataathirika mnunuzi huyo asiporudi.

Basi kwanza tujue tunachokisema. Jina tomoko hubeba matunda kadhaa ya ukoo mmoja. Tomoko la nyanda za juu, ambalo wageni huliita cherimoya, hupenda mahali penye urefu wa mita 1,500 hadi 2,000 hivi juu ya bahari, na jalidi kali huudhuru mti wake. Jani lake ni pana, na upande wa chini lina manyoya laini kama mahameli. Topetope la pwani ni dogo, na magamba yake huachana likiiva. Stafeli ni kubwa, lina miiba laini na uchachu mwingi. Haya si aina za tunda moja. Ni ndugu tu.

Cherimoya nayo haina sura moja. Wataalamu wa mimea huigawa kwa ngozi yake katika sura tano: iliyo laini, yenye alama kana kwamba mtu amebonyeza kwa vidole, yenye vinundu vidogo, yenye vinundu vilivyochongoka, na yenye vinundu virefu kama chuchu. Ukijua ngozi utaweza kuutambua mti wako, lakini usidhani ya kuwa ngozi yaeleza utamu. Kadhalika tunda lililopinda upande mmoja si aina mbaya. Mara nyingi ni ua ambalo halikupata chavua ya kutosha. Utamu hujulikana kwa ulimi tu.

Kuonja nako kuna utaratibu. Chuma tunda likianza kupauka, lingali gumu. Liweke ndani siku kadhaa mpaka libonyee kidogo ukilishika, wala usilitie katika friji kabla halijaiva, kwa maana baridi huliharibu. Likate, uonje nyama, kisha unywe maji kabla ya kuonja la mti mwingine. Andika katika daftari: utamu, uchachu, chembechembe, idadi ya mbegu, na ngozi ilivyo. Onja matunda matano au sita ya kila mti, na urudie msimu wa pili, kwa maana tunda moja laweza kukudanganya. Waite na jirani waonje bila kujua ni la mti gani. Mbegu zitemwe, wala zisitafunwe wala kusagwa, kwa kuwa zina sumu.

Wako watakaoniambia, "Kizuri chajiuza." Ni kweli, lakini tomoko zuri lililofichwa katika fungu la mabaya halina njia ya kujiuza. Wengine watasema watapanda mbegu za tunda lile tamu. Hilo halitoshi. Mti wa mbegu haufanani na mama yake, na ndiyo sababu fungu moja huwa na ladha nne. Mti ulio bora huzidishwa kwa kuunga kijiti chake juu ya mche, kama ifanywavyo kwa parachichi, na mti wa kuungwa huzaa mapema kuliko wa mbegu. Bwana Shamba wako aweza kukuonyesha kazi hiyo.

Tazameni wenzetu wa mbali. Hispania ndiyo inayoongoza duniani kwa kilimo cha tunda hili, na aina inayotawala huko huitwa Fino de Jete. Jete ni mji mdogo tu wa wakulima katika jimbo la Granada. Huko Peru iko aina ya Cumbe, nayo yaitwa kwa jina la mahali pake. Sioni sababu kwa nini tomoko la kijiji chenu, lililochaguliwa kwa ndimi zenu wenyewe, lisiitwe kwa jina la skimu yenu.

Msimu huu, basi, kila mmoja afunge kitambaa katika mti wake ulio bora. Kisha mkutane watu kumi, kila mtu na matunda yake na kisu, mkate, mwonje, mbishane, mchague mti mmoja na kuupa jina. Matunda ya mti huo yaende sokoni katika kreti lake, na jina liandikwe juu.