Ngeli Si Kosa: Kwa Waunda Programu za Simu na Kwetu Washairi

Ipo kauli inayorudiwa na vijana wetu wanaounda programu za simu, nayo imeanza kusadikiwa hata na watu wa lugha: kwamba Kiswahili ni kizito kwa mashine, na kwamba ngeli zake ndizo zinazozifanya simu ziseme Kiswahili kibovu. Mimi niliyefundisha sarufi katika shule za sekondari hadi kustaafu naikataa kauli hiyo. Kosa haliko katika ngeli. Liko katika sentensi zinazoungwaungwa, na katika uvivu wetu wenye lugha.

Tutazame kazi yenyewe. Anayeunda programu ya Android huandika msimbo kwa Kotlin au Java. Wa iPhone hutumia Swift, lugha iliyotolewa na Apple mwaka 2014. Wengine hutumia Flutter ili kazi moja ifae kwa simu zote. Maneno anayoyasoma mtumiaji huwekwa katika faili la pembeni, na kila lugha ina lake: kwa Android, la Kiswahili hukaa katika folda iitwayo values-sw. Utaratibu huo ni mzuri. Balaa huanza pale mwandishi wa msimbo anapotunga kiunzi cha Kiingereza chenye mapengo mawili, idadi na jina la kitu, kisha kitenzi kimoja cha kufuta. Kwa Kiingereza kitenzi hicho hakibadiliki, iwe ni picha au kitabu. Mfasiri wetu hajui pengo litajazwa nini. Huandika "imefutwa" na kumwachia Mungu. Ndipo tunaposoma "vitabu 3 imefutwa".

Mtu asidhani haya ni mapambo ya walimu. Katika kikundi chetu cha kuweka akiba, programu tunayoitumia iliandika jina la mama mmoja na chini yake "Imeondolewa". Akadhani ni picha yake iliyoondolewa, akatulia. Kumbe ni yeye aliyeondolewa kwenye orodha ya wanachama. Kiambishi kimoja, "a" badala ya "i", kingempa habari yote. Upatanisho kwetu ni maana.

Watasema: basi lugha yenu ndiyo yenye matata. Je, Kiarabu? Kanuni za Unicode zinazofuatwa na zana hizi zina makundi sita ya idadi: sifuri, moja, mbili, chache, nyingi na nyinginezo. Kiarabu hutumia yote sita. Kiswahili hutumia mawili tu. Hakuna aliyemwambia Mwarabu apunguze wingi wake. Zana ndizo zilizopanuliwa. Mwaka 2021 Apple ilianza kuzifundisha simu zake upatanisho wa kisarufi, kwa Kiingereza na Kihispania. Mwaka 2023 Android 14 ikaja na njia ya kumsemesha mtumiaji kwa jinsi ya kike au ya kiume, kama Kifaransa kinavyotaka. Jinsi zilipata wa kuzisemea. Ngeli nani amezisemea?

Na hata kwa zana zilizopo mlango uko wazi. Muundo wa ujumbe uitwao ICU, unaotumika pia katika Flutter, una amri ya kuchagua: mwandishi hutaja matawi, na kila tawi hulipa sentensi yake. Wengi huitumia kwa kike na kiume, lakini majina ya matawi ni hiari ya mwandishi. Basi na aweke tawi la A-WA, la KI-VI, la LI-YA, la I-ZI, na mengine. Kinachotakiwa ni kila nomino iingie katika programu ikiwa imebeba ngeli yake. Na elimu hiyo tunayo, kwani Kamusi ya Kiswahili Sanifu huonyesha upatanisho wa nomino.

Sasa nasi. Wapo washairi wanaodai kuwa heshima ya Kiswahili itapatikana siku amri ya if itakapoandikwa "ikiwa". Sioni faida yake. Maneno teule ya Kotlin ni machache, na kijana huyakariri kwa siku chache. Anayeonewa si yeye. Ni yule asiyeyaona kabisa, anayesoma tu sentensi iliyomfikia kiganjani. Tunagombania mlango wa nyuma na ukumbi unavuja.

Tunahesabu mizani hadi silabi ya mwisho, tukikuta kina kimepotoka hatulali. Lakini Kiswahili kinachosomwa na umma kila siku, cha kutuma fedha na kuweka miadi ya hospitali, tumekiacha kitungwe na mtu aliyepewa mapengo. Kisha tunapiga picha makosa yake na kusambaziana ili tucheke.

Kicheko hakisahihishi faili. Kila mmoja wetu amtafute kijana mmoja anayeunda programu, amwombe orodha ya nomino anazozitumia, ambazo aghalabu hazizidi ukurasa, na amrudishie kila moja na ngeli yake. Naye kijana aache kuunga vipande. Aandike sentensi nzima. Akituambia Kiswahili hakipangiki, tumjibu kwamba kimepangika tangu zamani, na mpango wake ndio hizo ngeli anazozikimbia.