Kamari Garsen: Mashine zimo vyumbani mwetu, leseni ziko Hola

Ukishuka gari Garsen asubuhi, jua halijakaza, utawakuta vijana wa bodaboda wamejipanga wakingoja abiria wa Minjila, Idsowe na Tarasaa. Kila mmoja kainamia simu. Zamani ungedhani wanasoma ujumbe. Siku hizi wengi wanakitazama kindege kikipaa kwenye skrini, na ujanja wote ni kubonyeza kabla hakijatoweka na dau lako. Hatua chache nyuma yao kuna chumba chenye pazia mlangoni, na nyuma ya pazia mashine ya bonanza inayomeza sarafu za shilingi 20.

Malalamiko juu ya mambo haya mawili si mageni. Akina mama wanayaleta kwenye chama, mwanachama anaposhindwa kutoa mchango kwa sababu mume "amechaniwa mkeka". (Mkeka kwetu ulikuwa wa miyaa, wa kulalia na kuswalia. Leo ukimwambia kijana kuhusu mkeka anakuuliza una timu ngapi.) Wenye pikipiki wanalalamika hesabu ya siku haifiki. Walimu wanalalamika kuhusu watoto wanaochungulia pazia wakiwa na sare. Imamu analisema Ijumaa, akikumbusha kwamba Sura ya Al-Maida imeiweka kamari pamoja na ulevi, na Jumapili mchungaji analisema kwa maneno yake.

Hilo si dogo kwa mahali kama petu. Hii ndiyo Tana Delta ambako mwaka 2012 hadi mwanzo wa 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa, mkulima na mfugaji wakitazamana kama maadui. Mambo ambayo mzee wa Kipokomo na mzee wa Kiorma wanayasema kwa kauli moja ni machache. Kamari ni mojawapo. Swali langu ni kwa nini kauli hiyo, pamoja na uzito wake wote, haijaiondoa hata mashine moja pale penye pazia.

Jibu langu ni kwamba tunapeleka malalamiko kwenye mlango usio wake. Tunamlalamikia chifu, na tunaingoja Nairobi.

Tuitazame hiyo Nairobi. Sheria ya kamari iliyotutawala kwa karibu miaka 60 ilitungwa 1966, wakati kamari ilimaanisha kasino za wageni. Hakuna aliyewaza kwamba kasino ingekaa mfukoni mwa mchunga mbuzi. M-Pesa ilipoingia 2007, kisha simu za intaneti zikashuka bei, kamari ikatufuata nyumbani. Mwaka 2018 serikali, chini ya Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i, iliziandama mashine za bonanza, zikakusanywa na kuchomwa hadharani katika kaunti mbalimbali. Tulipiga makofi. Mwaka 2019 leseni za kampuni 27 za kubeti zilikwama na kubwa mojawapo, SportPesa, ikafunga milango. Mwaka uliofuata ilirudi. Mashine nazo zilirudi, kwa sababu moshi haubadilishi sheria.

Mwaka 2025 sheria ndiyo iliyobadilika. Aprili, bodi ya kutoa leseni za kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na baada yake ikaja marufuku ya kutumia watu maarufu kuipigia debe. Agosti, Rais William Ruto akatia saini Sheria ya Kudhibiti Kamari, inayoifuta ile ya 1966 na kuunda mamlaka mpya ya kuisimamia sekta hii. Wapo waliosoma habari hizo wakadhani serikali imeamua kuipunguza kamari. Mimi nasoma vingine. Sheria hiyo imeipa kamari ya mtandaoni makao halali na yenye utaratibu. Anayepewa utaratibu hafukuzwi, anakaribishwa kwa masharti.

Ukitaka kujua nia ya serikali, fuata ushuru. Mwaka 2023 ushuru wa bidhaa kwenye dau ulikuwa asilimia 12.5. Desemba 2024 ukapanda hadi asilimia 15. Kisha Julai 2025 ukageuzwa: sasa inakatwa asilimia 5 ya pesa unazoingiza kwenye akaunti ya kubeti, kabla hujacheza hata mara moja. Kwa hiyo uwe umeshinda au umeshindwa, Hazina imeshapata chake mlangoni. Siwezi kumlaumu mtoza ushuru kwa kutoza. Ila mtu anayekula kwenye sahani hiyo si wa kumtarajia aivunje.

Uganda walijaribu njia kali zaidi. Sheria yao ya 2016 inamtaka mchezaji awe na umri wa miaka 25, na Januari 2019 serikali ilitangaza kwamba haitatoa leseni mpya za kampuni za kubeti. Kubeti hakukwisha. Lakini angalau kijana wa miaka 19 wa Kampala anajua anavunja sheria. Wetu wa Garsen ni halali tangu 18.

Na huyu wa 18 anacheza na nini? Pesa ya Tana River haiji kila mwezi kama mshahara. Huja kwa msimu: maembe yakiiva, mbuzi wakiuzwa, Inua Jamii ya bibi ikiingia, shilingi 2,000 za mwezi zikiwa zimelimbikizwa. Mafuriko ya 2023 na ya 2024 yalibeba mashamba ya watu, na aliyebaki na simu tu hutafuta mtaji kwenye simu hiyo hiyo, kwa Fuliza au kwa Hustler Fund, kisha anaupeleka hatua moja mbele. Mkopo na kamari vimekaa kwenye skrini moja, umbali wa kidole.

Vijana huniambia, "Lakini mzee, kuna waliokula." Wapo. Tufanye hesabu ya dukani. Tuseme mashine ni karimu, inarudisha shilingi 90 katika kila 100 inazomeza. Ukiingia na 1,000, ukaizungusha yote mara 10, kwa wastani utatoka na kama 350. Aliyekula leo amekula za wenzake wa jana, na mwenye mashine kakata chake katika kila mzunguko. Hakuna bahati mbaya hapo, ndivyo ilivyoundwa.

Kindege cha kwenye simu hatuwezi kukitoa Garsen. Leseni yake ni ya kitaifa na kompyuta yake haipo hata Hola. Hapo tutabaki na nasaha, na mke kushika sehemu ya pesa, na mwenye pikipiki kuchukua hesabu mchana badala ya jioni. Wengine wameanza hivyo na naona inasaidia.

Mashine ya nyuma ya pazia ni habari nyingine. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imetaja kamari miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, kifungu kimoja na leseni za pombe. Kamari ya kitaifa imebaki Nairobi, lakini chumba, mlango na kibali cha biashara ni vya kaunti. Maana yake, mtu wa kuulizwa ni mwakilishi wadi, na Garsen kama eneo bunge tunao sita. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa mwananchi haki ya kupeleka ombi rasmi katika bunge la kaunti. Ada za vibali nazo hupitishwa kila mwaka kwenye mswada wa fedha wa kaunti, na Katiba inalitaka bunge hilo liwasikilize wananchi. Nimewahi kuhudhuria kikao cha namna hiyo. Wafanyabiashara walikuja wakiwa na karatasi zao. Wazee tulikuja na hasira, tukanywa soda, tukarudi nyumbani.

Karatasi moja yenye saini za imamu, mchungaji, mwalimu mkuu na mwenyekiti wa chama cha akina mama, ikiomba vyumba vya bonanza visipewe kibali karibu na shule na soko, haiwezi kupuuzwa kirahisi na mtu anayetaka kura mwaka 2027.

Lakini kuna saini moja itakayokuwa ngumu kuipata. Vyumba hivyo havikuja na mafuriko. Vina wenyewe, na wenyewe tunaswali nao safu moja. Nilimfuata mmoja, tunaheshimiana, nikamuuliza kwa upole kama hajisikii vibaya. Aliniambia mpangaji wake wa kwanza alikuwa fundi cherehani, mtu mwema, aliyeondoka akidaiwa kodi ya miezi mitatu. Huyu wa mashine hulipa tarehe mosi, hajakumbushwa hata siku moja.