Mswada Nao Ugongewe Mhuri

Safu ya Kalamu na Karatasi
Na Rehema Mbwilo

Ukipeleka barua kwa mtendaji wa kata, hata kama ni ya kuomba kibali cha kufunga turubai barabarani kwa ajili ya msiba, karani anakugongea mhuri kwenye nakala yako: imepokelewa, tarehe, sahihi. Siku ukirudi kuulizia, una cha kuonyesha. Mtu aliyehangaika na riwaya miaka mitatu akaipeleka kwa mchapishaji haondoki na chochote. Anaacha bahasha ya kaki mapokezi, anaambiwa atapigiwa simu, anapanda daladala kurudi nyumbani. Siku hizi wengi hutuma kwa barua pepe, na huko hata huyo wa kusema utapigiwa hayupo.

Mwalimu mmoja wa sekondari mkoani Morogoro, ninayemfahamu tangu tukiwa wanafunzi, aliandika riwaya yake usiku akishamaliza kusahihisha madaftari ya watoto. Aliiandika kwenye simu, sura baada ya sura, kisha akamlipa kijana wa steshenari aipange vizuri, aiprinti na kuitia spirali, na jalada la plastiki juu. Nakala moja ikaenda Dar es Salaam. Tangu hapo namba ngeni ikiita anatoka nje ya darasa kuipokea, na wanafunzi wake wameshazoea. Nilipomuuliza kama ameanza kitabu kingine, alinijibu kwamba anangoja kwanza asikie kama hicho kinafaa, asije akapoteza usiku wake mwingine bure.

Jibu hilo limenikaa rohoni. Tunapozungumzia mswada uliolala ofisini tunafikiria kitabu kimoja kilichochelewa. Hatukihesabu kitabu cha pili, kile ambacho hakijaandikwa kwa sababu mwenyewe hajui kama cha kwanza kilimshinda au hakijafunguliwa.

Upande wa pili naufahamu, na una hoja. Mchapishaji wa Kiswahili hali kwa riwaya. Kwa miaka mingi kilichomlisha ni kitabu cha shule, na tangu kazi ya vitabu vya kiada irudishwe Taasisi ya Elimu Tanzania, mapato hayo yamempungua sana. Mhariri mmoja anasimamia kazi ya watu kadhaa. Mswada ukivuka meza yake huenda kwa msomaji wa nje, mara nyingi mhadhiri wa chuo kikuu, ambaye naye ana mitihani ya kusahihisha na malipo madogo ya kumfanya aharakishe. Ripoti ikirudi, bado kuna kikao, bado kuna bajeti ya karatasi na wino. Mtu akiniambia kazi hiyo inahitaji miezi sita au minane, namwelewa kabisa. Ila miezi minane niliyotajiwa si sawa na miezi minane ya gizani. Ukitajiwa muda, unaendelea na maisha na unaandika kitu kingine.

Wenzetu wanaoandika kwa Kiingereza hupitia mlango mwingine. London na New York wachapishaji wengi wakubwa hawapokei mswada moja kwa moja kutoka kwa mwandishi. Ni lazima apitie kwa wakala. Wakala huyo halipwi kwa kusoma. Anakula asilimia 15 ya mapato ya mwandishi, na kwa mauzo ya nchi za nje mara nyingi 20, kwa hiyo asipouza hapati kitu. (Kijana anayetuma kazi yake huko akiombwa ada ya kusomewa, akae mbali na mtu huyo.) Mlango huo nao una kimya chake. Mawakala wengi hutangaza kwamba usipowasikia ndani ya wiki kadhaa, nane au kumi na mbili, ujue hawakuitaka kazi yako. Sipendi utaratibu huo, maana kumjibu mtu kwa mstari mmoja hakumalizi siku ya mtu. Lakini angalau una siku ya mwisho, nayo mwandishi anaifahamu kabla hajatuma, na anaruhusiwa kutuma kwa mawakala kadhaa kwa pamoja. Kwetu wakala wa namna hiyo ni adimu mno. Mwandishi na mchapishaji wanawasiliana bila mtu wa kati, na ndiyo maana naona aibu kwamba sisi, tulio karibu zaidi, ndio tunaonyimana hata hiyo tarehe.

Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, aliyapitia haya kabla jina lake halijajulikana. Mwaka 1957, akiwa Lagos, alituma kwa posta mswada wake wa kwanza kwenye ofisi moja ya London ili uchapwe kwa taipu. Ulikuwa umeandikwa kwa mkono, na hakuwa na nakala nyingine. Miezi ikapita. Aliandika barua, hakujibiwa. Aliyeuokoa mswada ni bosi wake wa redioni alikokuwa akifanya kazi, Mwingereza Angela Beattie, aliyekwenda likizo kwao, akaingia katika ofisi ile kwa miguu yake na kuwataka waeleze mswada uko wapi. Ukachapwa. Mwaka 1958 kitabu kikatoka kwa Heinemann, na wasomaji wa Kiswahili baadaye wakakijua kwa jina la Shujaa Okonkwo.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya subira. Mimi nasoma kitu kingine ndani yake. Barua za Achebe hazikufua dafu. Aliyefua dafu ni mtu aliyeweza kusimama mbele ya meza yao. Ndivyo ilivyo hata leo. Mwenye rafiki ndani ya ofisi, aliyesoma na mhariri, anayeishi Dar es Salaam na anaweza kupitia Ijumaa kuulizia, huyo atajibiwa. Aliyeko Newala au Kasulu atangoja. Kwa hiyo kimya kinachagua, nacho kinachagua kwa umbali na kufahamiana, hata kabla mtu hajasoma ukurasa wa kwanza.

Waandishi waliochoka kungoja hutafuta njia zao. Mwandishi wa riwaya Ben Mtobwa alifika mahali akawa na kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko. Siku hizi hadithi zinauzwa vipande vipande kwenye makundi ya WhatsApp: msomaji anatuma pesa kwa simu, anatumiwa sehemu inayofuata. Nawapongeza kwa moyo wote, maana wamepata wasomaji ambao hawakungoja ruhusa ya mtu. Lakini nasoma humo kazi nzuri zilizokosa jicho la mhariri, mhusika anayebadilika umri kati ya sura ya nne na ya tisa, na nasikitika.

Tazama pia jinsi watu wanavyokimbilia mashindano. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, na ile ya Kiswahili iliyoanza kutolewa mwaka 2015 kwa jina la Mabati-Cornell, zinavutia kwa fedha, ndiyo, na kwa ahadi ya kuchapishwa. Naamini zinavutia pia kwa sababu zina siku ya mwisho ya kupokea na siku ya kutangaza. Anayeshindwa anajua ameshindwa. Anauchukua mswada wake, anaurekebisha, anaupeleka kwingine.

Ninachowaomba wachapishaji wetu, na Chama cha Wachapishaji Tanzania kikitaka kinaweza kukisimamia, hakihitaji fedha mpya. Mswada ukiingia, mwandishi apewe namba na tarehe ndani ya wiki moja, hata kwa ujumbe wa simu. Atajiwe muda wa kusomwa. Muda huo ukiisha aambiwe ndiyo, hapana, au bado na sababu yake. Hapana ya sentensi mbili inatosha. Wengi wetu tumelelewa kwa hapana na tuko hai.

Na wewe uliyetuma: ukikaa miezi mitatu bila neno, andika barua fupi ya adabu kuulizia. Miezi sita ikitimia bila jibu, andika nyingine ya kuuondoa mswada wako, weka nakala ya barua hiyo, kisha upeleke kwa mwingine. Hujamkosea mtu. Kitabu cha pili kianze leo usiku, jibu liwe limekuja au halijaja.

Mchapishaji yeyote aliye tayari kutaja muda anaoweza kuuahidi aniandikie kupitia gazeti hili. Nitaliweka jina lake hapa pamoja na muda huo, na mwalimu wa Morogoro atakuwa wa kwanza kupelekewa.