Acheni kung'arisha vijahazi vya zamani

Wadau, leo naongea na nyinyi mnaorekebisha vijahazi vya mapambo vya kitambo: msasa hadi mbao iwe nyeupe, supaglu, vanishi, tayari. Kwa video inapendeza. Lakini hapo umefuta, hujatengeneza.

Chukueni mtepe. Chombo cha pwani yetu, mbao zilishonwa kwa kamba ya nazi bila msumari, tanga lilikuwa mkeka. Ile mitepe ya kusafiria iliisha karne iliyopita. Tunaijua kupitia picha na mitepe midogo ya mfano, kama ile ya makumbusho ya Lamu. Sasa fikiria mtu angekata ile mishono aweke gundi!

Mimi mwenyewe nilikosea hivyo. Kajahazi ka babu kalivunjika mlingoti tu, nikakapiga msasa kote. Mjomba akaniuliza, "Na lile jina babu yako aliandika ubavuni?" Sikuwa na jibu. Babu hayuko aliandike tena.

Siku hizi napiga picha kwanza, napangusa vumbi kwa brashi laini, naunga palipovunjika pekee. Kovu likionekana, sawa. Kamezeeka, si kachafu.